Samaki Saba wa Sebuleni

Muhula ule niliamka kila siku na namba saba kichwani. Kabla ya kunawa uso, kabla ya kutafuta soksi za shule, nilienda sebuleni miguu mitupu, nikachuchumaa mbele ya tangi la kioo na kuhesabu. Ngege watatu wa kijivu, wapana kama kiganja cha mwanamume. Wawili wenye tumbo jekundu. Wawili warefu kidogo, wenye madoa matano meusi ubavuni. Wakitimia saba, pumzi inashuka. Lakini samaki hawapangi mstari kama askari. Nikifika wanne mmoja anapita nyuma ya jiwe, naanza upya, na mama huko jikoni anauliza kama hilo tangi limeshanitolea mahari.

Nyumba ilikuwa ya Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa hapa Arua. Wahindi walipoondoka, nyumba zikagawiwa, na baadaye hii ikamfikia baba yangu, sajini wa magari kambini. Tangi tulilikuta limekaa juu ya meza ya saruji, refu kuliko kitanda changu, limejaa ufuta. Waliokaa kabla yetu walikuwa wameligeuza ghala. Tuliutoa ule ufuta kwa bakuli siku mbili, na hata baadaye, ukipitisha kidole kwenye pembe za kioo, ulikuta punje.

Baba hakuwa mtu wa samaki. Alikuwa mtu wa wageni. Alisema tangi tupu sebuleni ni kama jeneza, akamtuma dereva wake Rhino Camp, kwenye mto Nile, akarudi na pipa la ngege wakiwa hai. Hao wengine walitoka kwenye mabwawa ya huku huku. Hakuna aliyefikiri kwamba samaki wa aina tatu, wote wakubwa, wote wamezoea kujitawala, wanaweza kushindwa kukaa pamoja. Samaki si samaki tu? Mimi pia niliona hivyo.

Niandike ukweli kuhusu kwa nini niliwataka sana. Mimi nina haya. Wageni wakija kwetu, binti lazima aingie, apige magoti, amsalimie kila mmoja, na kila mmoja ana swali lake: uko darasa la ngapi, unapenda somo gani, mbona huongei. Nilijibu sakafu. Nilitoka nimelowa jasho mgongoni, na kule jikoni nilisikia wakicheka na nikaamini wananicheka mimi. Tangi lilipoanza kuwa na samaki, kazi yake nikapewa mimi, na kazi hiyo ilikuwa palepale sebuleni. Hatukuwa na mashine ya kutia hewa, kwa hiyo nilichota maji kwa jagi na kuyamwaga tena kutoka juu, kama mtu anayepoza chai, mara hamsini asubuhi na mara hamsini jioni. Nikimaliza salamu nilisimama pale, mgongo kwa wageni, nikamwaga maji. Mtu anayefanya kazi haulizwi maswali. Nilisikia yote: nani amehamishiwa Koboko, nani ameoa, nani sasa haulizwi habari zake. Nilijifunza kwamba wageni wa baba hawacheki mpaka aliye mkubwa kati yao acheke kwanza. Nilikuwa katikati ya watu na sikulazimika kusema neno. Hakuna kitu kingine nyumbani kilichonipa hiyo ruhusa.

Ndiyo maana maneno ya baba yalinikaa vibaya. Alikuwa anakwenda kozi ya miezi miwili kusini. Lori linanguruma nje, yeye amesimama sebuleni na kofia mkononi, akahesabu kwa kidole kwenye kioo.

"Saba," alisema. "Nikirudi nikute saba. Mmoja akipungua, hii kitu inapanda lori, inaenda Koboko. Mama yangu anaitaka ya kuweka ufuta, panya wamemmaliza."

"Ndiyo, Baba."

"Sitaki kusikia alikufa kwa sababu hii na hii."

"Ndiyo, Baba."

Baba akisema neno amesema. Anaendesha nyumba kama anavyoendesha magari ya kambi.

Mwezi mmoja baadaye Ramadhani ikaingia, na bibi yetu, yule mama yake baba, akaja kutoka Koboko kufunga pamoja nasi. Tunamwita Haboba. Siku ya pili ya mfungo, saa nne asubuhi, siku isiyo ya shule, nilikuwa nawapa samaki kumbikumbi waliokaangwa kidogo bila chumvi. Haboba akaingia na tasbihi yake, akasimama, akanusa.

"Nini iko nanukia hapa?"

"Kumbikumbi, Haboba. Ya samaki."

"Saa hii?"

"Wanakula asubuhi, Haboba."

"Mimi niko na njaa, mama yako iko na njaa, mtoto wa jirani wa miaka tisa kule nje iko na njaa. Halafu samaki iko nakula mbele yetu, kumbikumbi?" Akavuta kiti, akakaa. "Katika hii nyumba hakuna mdomo inakula mchana. Jua likizama, watakula kama sisi."

Samaki hawafungi, Haboba. Nilisema hivyo vizuri kabisa, moyoni. Kwa mdomo nilisema, "Ndiyo, Haboba," nikafunika kopo.

Na nikiri zaidi: sikuona ni jambo baya. Nilipenda ile fikra, nyumba nzima imenyamaza inasubiri adhana, na ndani ya kioo nako wanasubiri. Nilifikiri labda kuna thawabu ndogo itawafikia. Magharibi, mtu akichukua tende yake, mimi niliwatupia kumbikumbi wao kwanza, mikono miwili, wakala kwa fujo maji yakaruka mpaka ukutani. Mama alisema afadhali hao, wanajua kufuturu.

Wiki ya kwanza ilipita. Katika wiki ya pili nilianza kuona kitu. Asubuhi walikuwa watulivu. Adhuhuri walikuwa wanazunguka. Lakini ikifika alasiri, wale wawili wa madoa matano walisimama pembeni, vichwa chini, hawatikisiki, halafu mmoja anatoka kama jiwe la manati na kumgonga ngege ubavuni. Magamba yalishuka polepole mpaka kwenye changarawe. Wale wa tumbo jekundu nao walikuwa wamechimba shimo chini ya jiwe kubwa la katikati, wakamzuia yeyote asipite. Ngege, wapole, hawakuwa na pa kwenda. Kwa madoa matano wanagongwa, kwa tumbo jekundu wanang'atwa mkia. Walikuwa wanakwenda na kurudi juu juu ya maji, kwenda na kurudi, na mimi mbele yao na jagi langu, kwenda na kurudi.

Haikuwa wao peke yao. Alasiri ya Ramadhani nyumba yetu yote huwa ina meno. Mama na mama mdogo, mke wa pili wa baba, walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya jiko la mkaa. Lakini sisi tulijua adhana inakuja. Nani angewaambia samaki?

Siku moja nilirudi kutoka shule nikahesabu sita. Nikahesabu tena. Wa saba alikuwa kwenye kona, kichwa chini, mkia hauna nyama, jicho moja halipo. Ngege. Yule mkubwa wao, aliyekuwa wa kwanza kuja kwenye kioo nikikaribia.

Nilimfunga kwenye karatasi ya daftari la jiografia nikamzika nyuma ya choo. Nitasema wazi kwamba huzuni ilikuwa ndogo kuliko hofu. Niliona lile lori. Niliona sebule ina ukuta mtupu, na mimi nimepiga magoti katikati ya watu nane wanaouliza mbona huongei.

Tangu siku hiyo nilivunja sheria ya Haboba. Nilificha kumbikumbi kwenye ncha ya kanga, nikawadondoshea kidogo kidogo asubuhi na tena nikitoka shule, yeye akiwa kwenye mswala. Ugomvi ulipungua, haukuisha. Ila sita ni sita. Baba alikuwa amebakiza wiki mbili.

Upande wa chini wa mji kuna kijito, na kando yake mabwawa ya samaki ya zamani ambayo siku hizi hayana mwenyewe. Wanawake huvua pale kwa vikapu. Nilikwenda na debe, nimevaa sare ya shule, nikasimama chini ya mgomba pengine nusu saa, nikipanga sentensi. Mwanamke mmoja alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Mwishowe yeye ndiye aliyechoka kunitazama.

"Wewe, mwanafunzi. Unachunga hiyo mgomba?"

"Shikamoo. Nataka samaki."

"Samaki iko kwa kikapu pale. Chagua."

"Nataka mzima. Anayepumua."

Alinitazama vizuri. "Unataka akiwa hai? Unaogopa kuua?"

"Nataka kumfuga."

"Kufuga." Akageuka kuwaambia wenzake waliokuwa wakipara samaki ng'ambo. "Hii inataka kufuga samaki. Atamfunga kamba kama mbuzi." Wakacheka wote, na mimi, sijui nguvu ilitoka wapi, nikasema, "Hafungwi kamba, amewekwa ndani ya kioo," wakacheka zaidi, lakini kicheko hicho cha pili hakikuniuma. Alizamisha kikapu mara tatu, nne. Akaniletea ngege mzuri, mpana, pezi la mgongo limechanika kidogo. Akaniwekea majani juu ya debe maji yasimwagike, akanitwisha kichwani kwa mikono yake mwenyewe.

"Akikataa kukulia chakula, umlete, mimi namjua," alisema.

Nilifika nyumbani shingo imekufa ganzi. Haboba alikuwa amelala. Nilimshusha mgeni ndani ya tangi kwa bakuli, taratibu, kwa heshima zote, na nilichagua mahali pazuri: pale katikati, kando ya lile jiwe kubwa. Sisi kwetu mgeni anapewa kitanda cha mwenye nyumba, mwenye nyumba analala kwenye mkeka. Sikuwaza mara mbili. Hata sekunde kumi hazikuisha. Tumbo jekundu wote wawili wakatoka shimoni, mmoja akamshika mdomo, mwingine mkia. Wa madoa matano wakaja kutoka kona zao, na mpaka ngege wenzake, wale wapole waliokuwa wakipigwa kila siku, wakaungana kumpiga. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Nilimtoa kwa bakuli lile lile, magamba yamemtoka shingoni, nikamweka kwenye karai uani.

Mama mdogo alikuja kutafuta karai la kufulia. Alikuwa ameletwa mwaka mmoja kabla, kutoka upande wa mpaka wa Kongo, mwenye umri kama wa dada yangu kama ningekuwa na dada. Tulikuwa hatujazungumza zaidi ya chumvi iko wapi. Alichungulia.

"Hii ni ya kufuturu?"

"Hapana, mama mdogo."

"Ni ya ndani?" Akatazama mlango wa sebule. "Ile ingine ilikufa, eh? Niliona umepita na karatasi."

Nilimweleza. Sikupanga sentensi, zilitoka tu. Nilimwambia kuhusu baba, lori, mgeni, jiwe, na jinsi walivyomvamia.

Alichuchumaa, akatia kidole majini. "Uliiweka kwa chumba ya mutu," alisema.

"Nilimpa mahali pazuri."

"Ndiyo. Pazuri ya mutu." Alicheka kidogo, bila sauti. "Siku mimi naingia hapa, kila kitu ilikuwa na mwenyewe. Jiko ni ya mama yako. Kamba ya nguo ni ya mama yako. Msumari ya kutundika kanga, ya mama yako. Mimi nikishika kijiko, ni kama nimeiba. Na yeye si mutu mubaya." Akatikisa kidole, maji yakadondoka. "Kama siku ile mungetoa vitu yote nje, hata ya mama yako, halafu sisi wote turudishe pamoja, nani angejua ya nani ni gani?"

Tulitazamana.

Tulifanya hivyo hivyo, mimi na yeye, alasiri ile ile, tukiwa na njaa. Tulitoa samaki wote kwa karai na madebe. Tulitoa mawe yote. Tulisawazisha changarawe, shimo likafutika. Yale mawe tuliyarudisha kwa namna nyingine kabisa: lile kubwa tukaliweka pembeni, madogo tukayapanga yawe kuta, ili mmoja asiweze kumwona mwingine kutoka upande wa pili. Mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni, akatuona tumelowa mpaka kwenye nywele.

"Mnahama?" aliuliza.

"Wao ndio wanahama, dada," mama mdogo akajibu. Mama alikwenda akaleta debe la tatu la maji safi, akalitua karibu na mama mdogo, akarudi jikoni.

Tuliwarudisha wote saba kwa mara moja, mgeni akiwa kati yao. Nilishika ukingo wa meza. Walisambaa, wakagusa kioo, wakazunguka mawe. Wa tumbo jekundu walikwenda moja kwa moja mpaka katikati, wakakuta hakuna kitu, wakasimama kama watu waliosahau walichokuja kuchukua. Hakuna aliyempiga mgeni, maana kila mmoja alikuwa mgeni. Kesho yake walianza tena kufukuzana, bila shaka. Samaki hao hawaachi. Ila kulikuwa ni kufukuzana kwa huku na huku, leo wewe kesho mimi, na anayefukuzwa alikuwa na ukuta wa kujificha nyuma yake. Usingizi wangu haukurudi wote. Niliendelea kuhesabu.

Baba alirudi siku ya kuamkia Idi. Hakuvua buti. Alihesabu kwa kidole, akafika saba, akanishika bega. Sikusema kitu. Hakuniuliza, na mimi nikajiambia kwamba asiyeulizwa hadanganyi. Neno hilo lilinikwaruza siku tatu.

Siku ya tatu ya Idi mkubwa wa baba kazini alikuja kutusalimia, na maofisa watano nyuma yake. Nilipiga magoti, nikasalimia, nikaenda kwenye jagi langu. Nilimsikia amesimama nyuma yangu kabla sijamwona kwenye kioo.

"Sajini, hii kitu ni nzuri sana," alisema. "Mimi nimetembea nyumba nyingi. Sijaona kama hii. Nzuri sana."

Kwetu mgeni akikisifia kitu mara moja, unasema ahsante. Akikisifia mara ya pili, unajua la kusema, hasa akiwa mgeni wa namna ile. Baba alisimama.

"Ni yako, afande. Kesho vijana watabeba."

"Na samaki?"

"Na samaki."

Niliwaona vijana hao kichwani mwangu. Niliwaona wanamwaga maji kwenye nyasi ili tangi liwe jepesi, saba ndani ya ndoo moja, saa ya jua. Niliona watakapowekwa upya, mawe popote, na jioni ile ile nani atabaki. Nilishusha jagi, likagonga kioo. Nikaigeukia sebule. Nilikuwa sijawahi kugeuka pale.

"Afande," nilisema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine. "Wanauana. Hawa ni aina tatu. Mmoja aliuawa, Baba akiwa safarini. Huyu mwenye pezi lililochanika si wa zamani, nilimleta mimi. Ukiwahamisha ovyo watauana tena."

Baba hakunitazama. Mkubwa aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Yupi muuaji?"

"Hawa wenye madoa. Lakini walikuwa na njaa. Na hawa wekundu wanalinda nyumba yao."

"Kwa hiyo ulifanya nini?"

Nilimweleza. Mawe, ukuta, kuwatoa wote na kuwarudisha wote. Nilisema maneno mengi kuliko ya mwaka mzima, na yeye aliuliza moja moja, kama mtu anayeuliza habari za gari lililoharibika. Mwishowe aliinuka, akashika kiuno.

"Sajini, mimi niko na wake wanne. Ugomvi ya nyumbani inanitosha. Wacha hawa wakae hapa."

Akacheka. Ndipo wote wakacheka.

Walipoondoka baba alibaki kwenye kiti muda mrefu, glasi ya sharubati mkononi haijaguswa.

"Huyo mwingine ulimtoa wapi?"

"Mabwawani, Baba. Kwa mwanamke anayevua."

"Ulienda na nani?"

"Peke yangu."

"Ukaongea naye?"

"Ndiyo, Baba."

Akaweka glasi chini, akasema, bila hasira, na heri angekuwa na hasira, "Mimi nilisema nini siku naondoka?"

"Ulisema mmoja akipungua, tangi linaenda Koboko."

"Basi."

Niliomba kitu kimoja, samaki warudishwe bwawani na si kikaangoni. Akakubali, tena akamwagiza dereva anipakie mbele. Jumamosi walipanda lori, tangi limefungwa magodoro, saba ndani ya pipa. Tulipitia mabwawani kwanza. Nilitia pipa maji ya pale, nikasubiri wayazoee, nikaliinamisha. Walitoka kila mmoja na njia yake. Sikuweza kuhesabu zaidi ya wanne.

Sasa meza ya saruji ina kitambaa na redio. Wiki iliyopita wageni walikuja tena. Nilisalimia, nikatoka haraka, nikajificha jikoni na vikombe. Kisha nikasikia sauti ya yule mkubwa wa baba kutoka sebuleni.

"Yule binti wa samaki yuko wapi? Mwambie aje, nina swali."

Mama alinitazama. Mama mdogo, aliyekuwa anapanga sinia, alichukua vikombe mikononi mwangu. Nilisimama mlangoni mwa sebule, watu saba wamegeuza shingo, na sikuwa nimeshika jagi, wala sinia, wala kitu chochote. Sikujua mikono niiweke wapi. Nikaingia nayo hivyo hivyo.